Mkono wa Kulia wa Bi Bahiya

Malindi, Unguja
3 Juni 2024

Salhiya Silima,

Gazeti la shule yenu limenifikia leo asubuhi. Kaniletea mama yake Hija, aliyekuja kumtoa mwanawe darasani kwangu. Hakukaa. Alisimama mlangoni akanambia, "Bi Bahiya, mimi sina neno na wewe, lakini mtoto anataka mwalimu mwenye mikono miwili." Akaniachia gazeti nisome mwenyewe, ukurasa wa tisa.

Nimesoma. "Maisha ya Mpiga Piano wa Malindi," na chini yake jina lako. Kwamba nilisoma Misri na Hungari, kwamba nilipiga miaka kumi na minne katika okestra kule Maskati, kwamba nilirudi Unguja mwaka 2003 nikaanza kufundisha watoto. Hayo nilikwambia mwenyewe na sina ugomvi nayo. Halafu ukaandika hivi:

"Watu husema kuwa marehemu mumewe, Bwana Zahran, ndiye aliyemkataza kupiga mbele ya watu. Mimi nadhani si kweli. Nimemgeuzia kurasa kwa miaka mitatu. Hupiga kwa mkono wa kushoto tu, na wa kulia huufunika kwa upande wa mtandio, kwa sababu vidole viwili, cha pete na cha mwisho, hujikunja vyenyewe kila anapovigusisha piano."

Miaka mitatu nikidhani unatazama noti, kumbe unatazama vidole vyangu. Mtu mzima angeona akanyamaza. Wewe umeona ukapeleka kwenye mtambo wa kuchapa.

Usije tena. Jumanne yako nshampa mwengine. Fomu yako ya mtihani ipo hapa mezani na itabaki hapa bila ya sahihi yangu. Kama una la kusema, liandike, maana kusema huwezi. Mwachie Msabah dukani kwake hapa chini.

Bahiya Zahor


Amani
5 Juni 2024

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako niliifungua palepale dukani kwa Msabah, katikati ya masufuria yake. Aliponiona nimesimama bila kuondoka akauliza, "Vipi mtoto, umepewa talaka?" Nikaikunja nikatoka. Nimekuja kuisoma tena nyumbani kwa mjomba Ubwa, mara tatu.

Sikukusudia kukudhalilisha. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitutaka tuandike maisha ya mtu tunayemwonea fahari. Wenzangu karibu wote waliandika juu ya wachezaji mpira. Mimi nilikuandika wewe. Maneno ya vidole niliyaona ndiyo maneno ya heshima kuliko yote katika insha ile. Mtu aliyekatazwa akatii, wapo wengi. Mtu ambaye mkono umemkatalia, na bado kila siku anakaa mbele ya piano na watoto wa watu, simjui mwingine.

Na ruhusa niliomba, Mwalimu. Siku ya kwanza ulinipa daftari la masomo ukaniambia, "Wewe ni mwoga wa kusema. Likikushinda jambo, liandike humu, nitalisoma." Insha nzima niliinakili humo tarehe 14 Mei. Chini yake nikaandika, "Naomba ruhusa kuitoa katika gazeti la shule. Kama kuna kosa, naomba unirekebishe." Nawe uliniruhusu.

Kwa hiyo sielewi. Kama ulibadili mawazo, ungeniambia na ningeiondoa.

Naomba sana fomu yangu. Inatakiwa Dar es Salaam kabla ya tarehe 31 Julai, na haipokelewi bila sahihi ya mwalimu. Mtahini huja mara moja tu kwa mwaka. Unajua kwamba nafasi ya chuo cha muziki kule Nairobi ni kwa wasiozidi miaka kumi na saba, na mimi Machi natimiza kumi na nane. Nikikosa mwaka huu, nimekosa moja kwa moja.

Mwanafunzi wako,
Salhiya


Malindi
8 Juni 2024

Salhiya,

Sasa umeongeza uongo. Mimi sikuruhusu kitu. Insha hiyo nimeiona kwa mara ya kwanza mkononi mwa mama yake Hija. Unadhani kwa kuwa nina umri mkubwa nimesahau nilichosoma mwezi uliopita?

Watoto wanne wameondoka tangu Jumatatu. Mama mmoja kanipigia simu kuniuliza kama ugonjwa wangu unaambukiza. Mwengine kasema kwa upole mkubwa kwamba mwanawe sasa atasoma Qurani tu, na wiki iliyopita alikuwa akinililia nimpangie siku mbili. Hao hawanitii uchungu. Kuna mtu mmoja ambaye bado hajalisoma gazeti lako, na nnaomba Mungu lisimfikie. Wewe humjui na haikuhusu.

Sikiliza vizuri. Gazeti lenu linatoka tena kabla ya likizo. Andika humo kwamba uliona vibaya. Andika kwamba Bi Bahiya mkono wake ni mzima, kwamba aliacha kupiga kwa ombi la mumewe kama watu wote wanavyojua, na kwamba wewe ni mtoto na ulijitungia. Mistari mitano inatosha. Siku nitakayoiona imechapishwa, nitatia sahihi fomu yako siku hiyohiyo.

Bila ya hivyo, tusisumbuane.

B. Zahor


Paje
13 Juni 2024

Mwalimu,

Shule imefungwa na nimerudi kwa mama. Barua hii naituma na mke wa Msabah, ambaye kwao ni hapa.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi niliyoichana kwenye daftari langu. Ni ukurasa wa tarehe 14 Mei. Insha ipo, ombi langu lipo, na chini ya ombi ipo alama ya vema kwa wino mwekundu na herufi zako mbili, B.Z. Sikusema uongo. Katika maisha yangu sijawahi kuitwa mwongo na mtu yeyote, na sikutegemea kuitwa na wewe.

Nilipokuwa naitafuta karatasi hiyo nilirudi nyuma, nikasoma daftari zima. Nilikaa nalo tangu alasiri mpaka mama akaniita kuja kusaidia kuanika mwani. Kila ukurasa una vema. Nilipokuandikia kwamba sielewi maana ya alama ndogo zilizo juu ya noti, uliweka vema. Nilipokuuliza kama msichana wa shamba kama mimi anaweza kufika ulikofika, vema. Tarehe 7 Februari mwaka jana nilikuandikia hivi: "Mwalimu, baba amefariki Ijumaa. Nitapiga vibaya kwa muda, naomba univumilie." Ukaweka vema, B.Z. Jumanne iliyofuata ukanisimamisha mbele ya Hija na wenzake ukasema, "Huyu wiki nzima kalala, sikilizeni vidole vya mtu aliyelala."

Nilidhani ulikuwa umesoma. Mwaka mzima nilidhani umesoma, na kwamba hiyo ndiyo njia ya watu wakubwa ya kumfundisha mtu asijihurumie. Nilikusifu kwa hilo. Nilimwambia hata mama.

Hukuwa unasoma. Hujawahi kusoma hata ukurasa mmoja, ndiyo?

Sitaandika kwamba niliona vibaya, kwa sababu niliona vizuri. Fomu ni yangu, nimeijaza mimi. Nirudishie hata kama haina sahihi.

Salhiya Silima


Malindi
2 Julai 2024

Salhiya,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Nimeliona hilo.

Ndiyo, sikusoma. Nilikuwa na watoto kumi na mmoja na madaftari kumi na moja. Nikimaliza kusikiliza mazoezi ya skeli ya mtoto wa kumi na moja, hata jina langu sitaki kulisoma. Kuandika kwa mkono wa kushoto kunanichukua muda, kama unavyoona hapa herufi zinavyotambaa, basi nilikuwa nakata vema na kufunga. Wazazi wanapenda kuona wino mwekundu. Nilikuahidi kusoma na sikusoma. Habari ya baba yako nimeipata kwenye barua yako, mwaka mmoja na miezi mitano baada ya kufa kwake. Mungu amrehemu. Nilichosema siku ile mbele ya wenzako kilikuwa kibaya.

Umeshinda hapo, na sasa sikiliza na wewe.

Nilikwambia kuna mtu ambaye gazeti halijamfikia. Limemfikia. Ni Kawthar, dada yake marehemu Zahran. Huyu wifi yangu ndiye aliyekuwa akinifurahia kuliko wote katika ukoo ule. Nilipopiga Maskati alikuwa akikaa safu ya mbele na mkufu wake wa dhahabu, akiwaambia wageni, "Yule wa kwetu." Tuliporudi Unguja na mimi sipigi tena, akamfuata kaka yake akamuuliza umemfanya nini mke wako. Zahran akamjibu, "Nimemkataza. Ni mke wangu." Kawthar akamwita jahili mbele ya wageni na akaapa hatoingia nyumba yake. Hakuingia miaka minane, mpaka siku tuliyomtoa Zahran kwenda kumzika.

Zahran ndiye aliyeyatunga maneno yale. Nilikuwa nimekaa kitandani na mkono wangu nimeukunja kama kuku aliyechinjwa, madaktari watatu wameshaniambia hakuna dawa, nami nalia kwamba watu watanionea huruma. Akanambia, "Waambie mimi nimekukataza. Mimi muuza vitambaa, sina jina la kuharibika." Nikakubali. Nilikubali siku hiyo, na nikaendelea kukubali kila siku, hata alipokuwa akitazama mlango siku za Idi kama dada yake atakuja.

Juzi Kawthar kaja. Nilimtilia chai. Hakuigusa. Aliweka gazeti juu ya piano akasema, "Nionyeshe mkono." Nikauonyesha. Akaukamata, akavikunjua vile vidole viwili, vikarudi kujikunja, akavikunjua tena. Akasema, "Nimemnunia ndugu yangu mpaka kaingia kaburini, na wewe mwaka wa kumi na tatu huu unanitilia chai." Akaondoka.

Hayo ndiyo yaliyokuwa chini ya mtandio wangu. Ukweli wako ulikuwa sahihi na haukuwa wako. Mimi nilikosa kusoma, na wewe ulikosa kuniuliza kwa mdomo jambo la mwili wangu, ukalificha katikati ya daftari la skeli kwa sababu unaogopa uso wa mtu. Usijidanganye kwamba ule ni upole.

Gazeti lenu likirudi baada ya likizo, bado unaweza kuandika mistari mitano. Nikiiona imeandikwa na kupokewa na mwalimu wako, fomu itawahi. Kawthar hatoamini, lakini mji utaamini, na mimi nitabakiwa na watoto saba.

Bahiya


Paje
9 Julai 2024

Shikamoo Mwalimu,

Nimeirudisha shikamoo kwa sababu nilifundishwa hivyo, si kwa sababu hasira imekwisha.

Sikujua habari za Bi Kawthar. Ningejua, nisingeandika. Umesema kweli kwamba niliogopa uso wako. Niliikariri ile sentensi niliyotaka kukuambia, njia nzima kutoka Amani, na nilipofika kwenye ngazi zako nikaona daftari ni rahisi zaidi. Hilo nimekosa na naomba radhi. Naomba radhi kwa hilo tu.

Mistari mitano sitaandika.

Kabla sijaisoma barua yako, nilikuwa nakataa kwa sababu sipendi kusema uongo. Nakiri pia kwamba kwa siku mbili nilitaka kukubali. Niliandika mistari yenyewe kwenye karatasi, nikahesabu, ikawa minne. Nilikuwa nimebakisha mmoja. Lakini sasa umeniambia aliyoyafanya Bwana Zahran. Nikiandika kwamba mkono wako ni mzima, nitakuwa nimemsingizia mara ya pili, na safari hii hayupo kukubali mwenyewe. Kwa ajili yako aliyakubali kwa sababu alikupenda. Mimi hakunijua. Siwezi kumchukulia maiti jina lake ili nipate sahihi.

Basi fomu iache. Mama nimeshamwambia. Aliuliza, "Kwa hiyo Nairobi hakuna?" Nikasema hakuna. Akasema kuna nafasi ya kufunga mwani msimu ujao, akaendelea kukosha mchele. Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu kama angenigombeza.

Nitaendelea kupiga hata hivyo. Kuna hoteli hapa yenye piano ukumbini. Wageni asubuhi wote wako baharini na matiara yao ya kuwavuta majini, na meneja ameniruhusu mpaka saa sita. Noti mbili hazitoki kabisa na moja ikishuka hairudi, inabidi niinyanyue kwa ukucha. Mwatum, binamu yake mama, anafua mashuka ukumbi wa nyuma. Jana alinipigia kelele dirishani, "Leo piga ile ya kugombana, mashuka yanatakata upesi." Alikusudia kipande cha pili cha mtihani.

Kitu kimoja cha mwisho, na si cha kukufurahisha. Umeniandikia kwamba utabakiwa na watoto saba. Umeniandikia kwamba Bi Kawthar hakuigusa chai. Hukuandika popote kwamba umemwomba msamaha.

Salhiya


Malindi
22 Julai 2024

Salhiya,

Una ulimi kwenye karatasi. Ungekuwa nao mdomoni ningekutoa mwaka wa kwanza.

Fomu yako imo humu, ina sahihi. Usiwe na haraka ya kufurahi, sikutia sahihi kwa ajili yako. Nimekupatia pia barua ya kuipeleka pamoja nayo inayosema umesoma kwangu miaka mitatu na umefika daraja linalotakiwa. Hilo ni kweli, na ndiyo maana nimeliandika. Mwambie mjomba wako Ubwa aipeleke mwenyewe kwa boti, asimpe mtu.

Nimekwenda kwa Kawthar siku ya Alkhamisi. Mlango alifungua mwenyewe. Hakunambia karibu na wala hakuufunga. Basi nilisimama pale kizingitini na majirani wakipita, nikasema yote, tangu daktari wa kwanza mpaka Idi ya mwisho ya Zahran. Nilisema kwa sauti maana yeye sikio moja halisikii. Nilipomaliza akasema, "Ulikuwa na miaka minane ya kuniambia akiwa hai." Nikasema ndiyo. Akasema, "Nenda." Nikenda. Sijui kama atanisamehe. Mimi ningekuwa yeye nisingesamehe.

Watoto waliobaki ni watano, si saba. Hao watano nimewaita pamoja na wazazi wao, nikavua mtandio, nikapiga kwa mikono miwili ili waone vidole vinavyofanya. Mtoto mmoja akacheka. Mama yake akamfinya. Nikamwambia muache acheke, vinachekesha kweli. Sasa atakayebaki atabaki anajua.

Madaftari nayasoma. Hapana raha yoyote ndani yake.

Kuhusu kipande cha pili, unakimbia. Sihitaji kukusikia kujua hilo, umekimbia miaka mitatu. Mkono wako wa kushoto ni mzuri kwa sababu ndio pekee uliouona ukifanya kazi, na wa kulia unaubembeleza. Acha kuubembeleza. Hauumwi.

Usirudi darasani. Sisemi hivi kwa adhabu. Kila utakapokaa kwenye kile kiti nitajua unatazama wapi, na mimi sitoweza kufundisha.

Bahiya Zahor


Dar es Salaam
19 Oktoba 2024

Shikamoo Mwalimu,

Nimefanya mtihani leo saa nne asubuhi. Mjomba Ubwa alinisubiri nje, amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa ni Jumamosi.

Piano ilikuwa nzuri mno, na hilo lilinichanganya. Noti zote zilitoka. Katika kipande cha kwanza mara mbili nilipeleka ukucha kunyanyua noti ambayo tayari ilikuwa imerudi yenyewe. Cha pili sikukimbia. Cha tatu niliteleza ukurasa wa mwisho, nikaendelea. Majibu ni mwezi wa Disemba. Nadhani nimepita, lakini nimewahi kudhani mambo mengi.

Ninachokuandikia hasa ni hiki. Mtahini ni mama mtu mzima, nywele nyeupe. Nilipomaliza alitazama fomu, akasoma jina lako kwa sauti, akavua miwani. Akaniuliza kama ni Bahiya Zahor wa Maskati. Nikasema ndiye. Akasema alikusikia mara moja, alipokuwa kijana, na kwamba alikwenda kukutafuta nyuma ya jukwaa akashindwa kukusemesha. Halafu akauliza, "Mbona aliacha kupiga? Hakuna aliyewahi kuniambia."

Alikuwa ananitazama machoni. Unajua mimi nikitazamwa hivyo ninavyokuwa. Nilikuwa najua jibu lote, tangu daktari wa kwanza, na alikuwa mtu ambaye angelielewa kuliko mtu yeyote wa mjini kwetu. Nikamwambia, "Hilo aulizwe mwenyewe." Nilisema kwa mdomo, na sauti ilitoka.

Akavaa miwani, akaomba anwani yako akuandikie. Atakuwa hapa mpaka Jumatano.

Mwalimu, sijakusamehe kwa habari ya baba. Nimejaribu wiki hizi zote na sijaweza, na sitaki uniandikie kwamba nimekua au nina adabu. Nakuuliza jambo moja tu na naomba jibu kabla ya Jumatano.

Anwani sijampa. Nimpe?

Salhiya Silima